Karata Katika Wodi ya Mapafu

Jumapili iliyopita mama mmoja wa hapa Niboye alinisubiri nje ya kanisa baada ya misa. Mume wake alilazwa muda mrefu kwa ugonjwa wa sukari, na huko hospitalini akaanza kucheza kamari na wagonjwa wenzake. Sasa amerudi nyumbani, sukari imetulia, lakini kamari hajaiacha. Mama huyo alikuwa amesikia kwamba mimi niliwahi kuugua hivyo hivyo, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli. Nikamwambia ni kweli. Tulisimama pale mpaka watu wote wakaondoka, na bado nilikuwa sijafika hata nusu ya habari. Nilipofika nyumbani nikaona afadhali niiandike, ili yeye aisome kwa nafasi yake, na mwingine kama yeye akiihitaji aipate.

Nilizaliwa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, ambako watoto hujua Kiswahili kabla ya kujua kitu kingine chochote. Nikaolewa Kigali na Vensani, fundi wa magari Nyabugogo. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye mikono iliyonuka dizeli hata siku ya Jumapili. Tulipanga chumba na sebule hapa hapa Niboye. Siku hizo kati ya nyumba na nyumba kulikuwa na mashamba ya maharage, na asubuhi ukungu ulikuwa unalala bondeni mpaka saa tatu, ukisikia tu sauti za watu wanaosalimiana bila kuwaona. Naikumbuka Kigali ile kila siku. Ulikuwa mji mdogo, watu walijuana kwa mwendo. Jumapili jioni Vensani alikuwa anatupeleka mimi na mtoto wetu Didas kunywa maziwa ya mgando kwenye kibanda kimoja karibu na barabara kuu, na Didas alirudi nyumbani na masharubu meupe ambayo alikataa yafutwe.

Kikohozi kilinianza mwaka 1990, kiangazi kikielekea kwisha. Nilidhani ni vumbi. Mvua zikaanza, na vita vikaanza kaskazini, na kikohozi kikabaki. Mwezi huo huo wa Oktoba Vensani alikamatwa. Walimchukua gereji pamoja na mafundi wenzake wawili, bila kosa lolote isipokuwa kwamba walikuwa Watutsi, kama walivyochukuliwa watu wengi wa mji huu wakati ule. Nilikwenda kuulizia mlango hadi mlango, nikikohoa, na asubuhi moja niliyokuwa nimepanga foleni niliinama, nikatema mate, nikaona damu kwenye leso. Mama mkwe wangu, ambaye nilizoea kumwita Mabukwe kama wanavyosema Wanyarwanda, akaja kutoka Gitarama. Aliiangalia ile leso, akamfunga Didas mgongoni, akaniambia niende hospitali siku hiyo hiyo, na kwamba mtoto atanisubiri kwake.

Hospitali ya mapafu ilikuwa juu ya kilima nje ya mji. Nakumbuka benchi la kungojea kuliko ninavyomkumbuka daktari. Lilikuwa refu, la mbao zilizolainishwa na makalio ya watu, na kila aliyeitwa aliinuka, wote tukasogea nafasi moja. Hakuna aliyezungumza. Kila mmoja alikuwa anabana kikohozi chake kwa aibu, mpaka mmoja akishindwa, basi tunakohoa wote.

Nililazwa kwa kifua kikuu. Kila asubuhi sindano, upande wa kulia leo, wa kushoto kesho, mpaka nikawa sijui nikalie upande gani. Vidonge viliufanya mkojo wangu kuwa mwekundu kama chai ya rangi, na mara ya kwanza nilipouona nililia nikidhani nimekwisha. Masikio yalivuma. Nguo zangu zilining'inia kama zimeanikwa kwenye kamba. Pete ya ndoa ilianza kudondoka yenyewe, nikaifunga kwa uzi shingoni. Lakini lililoniumiza kuliko yote ni alasiri. Kila mgonjwa alikuwa na mtu wake wa kumhudumia, umurwaza kama wanavyoitwa hapa, aliyekuja na chakula na habari za nyumbani. Mimi mume wangu alikuwa ndani, sikujua ni gereza gani, mama mkwe alikuwa mbali na mtoto wangu, na kwetu Bujumbura hakuna aliyejua niko wapi. Saa za kutembelewa zilipofika niligeukia ukutani nikajifanya nimelala.

Siku moja, nikiwa nimegeuka hivyo, nikasikia mtu anatukana kwa Kiswahili huko uani. Lilikuwa tusi la kuchekesha, la madereva, ambalo sikuwa nimelisikia tangu Buyenzi. Niliinuka kama niliyeitwa jina langu.

Uani kulikuwa na kibanda cha bati ambako wagonjwa wanaume na wanawake waliruhusiwa kuota jua. Aliyetukana alikuwa Mzee Feredi, dereva wa zamani wa malori ya Mombasa, mwembamba, na kofia ya sufu hata jua likiwaka. Alikuwa na karata mkononi. Nilimsalimia kwa Kiswahili. Akanitazama kwa furaha kama watu tuliopotezana zamani.

"Wewe iko natoka wapi na Kiswahili hii nzuri?" akauliza. "Kuja, kaa. Sisi tuko nacheza tu ya kupoteza masaa."

Nikakaa. Mchezo ulikuwa rahisi mno. Kila mtu anafunua karata moja, iliyo kubwa ndiyo inayokula. Tulianza na njiti za kiberiti. Alikuwapo pia Konsolata, mwanamke wa makamo ambaye kitanda chake kilikuwa jirani na changu, muuza ndizi mwenye kicheko kilichomletea kikohozi, na kikohozi kilichomletea kicheko kingine. Nataka niseme ukweli kuhusu kibanda kile, kwa sababu wanaokushauri uache kamari mara nyingi hawausemi: nilikuwa na furaha pale. Karata ilipokuwa haijafunuliwa sikuwa na ugonjwa, sikuwa na mume gerezani. Nilikuwa mtu anayengoja kitu kidogo, na kitu hicho kilikuja mara moja, kikiwa kizuri au kibaya. Mambo mengine yote niliyokuwa nangoja hayakuja.

Njiti zikawa maharage mabichi, maharage yakawa ndizi, ndizi zikawa sabuni na sukari. Hospitali ilikuwa inatugawia maziwa na uji wa soya ili tunenepe. Sikumbuki siku niliyoweka maziwa yangu kwa mara ya kwanza. Nakumbuka tu kwamba baada ya muda nilikuwa siwezi tena kuyanywa bila kuona kwamba nayapoteza bure, kwamba kikombe kile kingeweza kuwa viwili. Na nilipopata viwili niliweka vyote viwili.

Mvua kubwa za mwaka uliofuata zilipoanza, Vensani aliachiwa. Alinijia moja kwa moja akiwa na suruali iliyofungwa kwa kamba ya katani. Tulikuwa tumekonda wote wawili, tukatazamana, tukacheka, kisha tukalia. Kuanzia siku hiyo alipanda kilima kile kila alipotoka gereji. Alikuwa amemrudisha Didas kutoka Gitarama, na amejifunza kupika. Alileta viazi, dagaa wa ziwani, mchicha wa kukaanga, na mayai mawili ya kuchemsha yaliyofungwa kwenye kitambaa ili yabaki na joto. Alikuwa akitaka kunitazama nikila, nami nikamwambia dawa zinanitia kichefuchefu mpaka baadaye kidogo. Aliniamini. Alipokwisha kuteremka kilima nilichukua bakuli nikaenda kibandani.

Kila wiki tulipimwa uzito. Konsolata aliongezeka, wengine waliongezeka, mimi sindano zilikosa mahali pa kuingia. Daktari alibadilisha dawa. Akanirudisha kwenye sindano nilizokuwa nimekwisha kuzimaliza. Alimwita Vensani pembeni akamwambia kwamba kuna miili ambayo dawa haiikubali, na ajiandae. Vensani hakuniambia hayo. Aliongeza mayai yakawa matatu.

Aligundua mwenyewe. Siku hiyo Mabukwe alikuwa amefika kutoka Gitarama kunisalimia, wakaja pamoja mapema kuliko kawaida. Walinikuta kibandani, mayai yakiwa katikati ya mkeka, na mgonjwa mwingine amevaa sweta ambayo Mabukwe alinifumia mwenyewe. Mchezo ukasimama. Mabukwe alimtazama yule mwanamke, akatazama sweta, akaniangalia mimi, kisha akakaa chini taratibu kama mtu aliyechoka na safari.

Vensani hakupandisha sauti. Alisema, "Mayai hayo nilimnyima Didas. Nilimwambia ni ya mama, akakubali."

Na nitawaambia jambo ambalo sikumwambia yeye hata baadaye: wakati anasema hayo, na huku machozi yananitoka kweli, kichwani nilikuwa najiuliza ni nani ataifunua karata yangu iliyobaki mkekani. Hapo ndipo nilipoogopa. Nilikuwa sijaogopa hivyo hata siku ya damu kwenye leso.

Niliapa nisingecheza tena. Nilikaa bila kucheza muda mfupi, na mwili ulinifanya kama ulivyonifanya wakati wa homa. Viganja vilitoka jasho, mdomo ulikauka, alasiri ilipofika miguu ilitaka kwenda. Nikaenda. Vensani akajua, akaacha kuja kwa muda. Chakula akakileta Mabukwe, ambaye aliamua kubaki Kigali. Alikaa pembeni ya kitanda changu na bakuli mapajani mpaka nimeze tonge la mwisho. Nilimchukia kwa hilo, nikamsubiri asinzie.

Muuguzi wa wodi yetu aliitwa Tereza. Alikuwa msichana wa umri wangu, mwenye pengo dogo katikati ya meno, anayeimba anapotandika vitanda. Asubuhi moja, baada ya sindano, alikaa kitandani kwangu, jambo ambalo wauguzi hawakulifanya katika wodi ile kwa kuogopa kuambukizwa.

Akaniambia, "Mapafu yako yanapona. Kinachokuua ni kingine, na hicho nacho ni ugonjwa. Nimeongea na daktari. Kesho tunakwenda Ndera."

Mtu wa Kigali akisikia neno hilo anajua maana yake. Kwetu kusema fulani apelekwe Ndera, kwenye hospitali ya magonjwa ya akili, ni kusema amepata wazimu, na watoto hutaniana hivyo barabarani. Nilikataa. Nikasema mimi nacheza karata tu, siokoti makaratasi jalalani. Tereza alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwamba kaka yake mwenyewe alikaa Ndera miezi mingi kwa ajili ya pombe, na sasa ni baba wa watoto watatu. Aliongeza kwamba hatavaa sare kesho, ili anayetuona njiani adhani tunakwenda kusalimia ndugu.

Kule nako kulikuwa na benchi. Nilijifunika kitenge mpaka machoni. Karibu yangu alikaa mwalimu mmoja aliyevaa tai, upande wa pili bibi mmoja aliyekuwa anamlaza mwanasesere wa majani ya migomba. Bibi akaniuliza nimeleta nani. Nikamjibu nimejileta mwenyewe. Akanipigapiga gotini akasema nimefanya vizuri, wengi huletwa.

Aliyenipokea alikuwa muuguzi mzee mwenye sauti ya taratibu. Hakuniuliza nimepoteza nini. Aliniuliza hamu inaanza wakati gani wa siku, na kabla haijaanza huwa naona nini, nasikia nini. Ilibidi nifikiri. Nikamwambia inaanza saa za kutembelewa, nikisikia viatu vya watu wanaopanda kilima. Aliposikia hivyo akasema basi saa hizo nisiwe peke yangu hata siku moja, na chakula nikile mbele ya mtu, na nirudi kwake kila mwezi nimweleze ukweli, hata kama nimecheza. Hakunipa kidonge. Nilitegemea kidonge, nikaondoka nimevunjika moyo.

Tereza alimweleza Mzee Feredi. Alasiri hiyo nilipofika kibandani nikanyoosha mkono, mzee aliruka zamu yangu.

"Wewe mimi hapana gawia tena, Mama Didas," akasema. "Lakini hapana kwenda. Kaa hapa pembeni ya mimi, mimi iko nakupa habari ya barabara."

Alitimiza. Kila alasiri aliwapa wengine karata kwa mkono mmoja, na mimi akanipa Voi, akanipa Malaba, akanipa matope ya Kabale na wanawake waliouza chai kando ya lori. Alinisimulia kwa Kiswahili chake kilichovunjika, ambacho mpaka leo nakiona kitamu kuliko cha redioni. Mwanzoni macho yangu yalibaki kwenye mkeka. Kisha siku moja nikagundua nimesahau kutazama nani kala, kwa kuwa nilitaka kujua kama lile lori lilitoka mtoni. Mabukwe alikuja na bakuli lake akakaa nasi, ingawa hakuelewa Kiswahili. Nilimtafsiria. Hapo ndipo tulipoanza kupendana, mimi na yule mama, juu ya malori yaliyokwama.

Yeye mwenyewe Mzee Feredi hakuacha kucheza. Alifariki kiangazi hicho, akiwa amepoteza hata kofia yake ya sufu, na Konsolata akamnyang'anya aliyeishinda akamrudishia marehemu kichwani kabla hajazikwa.

Nilianza kunenepa. Vensani alirudi kunitembelea, mwanzoni akisimama mlangoni kama mgeni, halafu akikaa mwisho wa kitanda. Mvua za vuli za mwaka 1991 zilipokuja nilitoka hospitali. Didas alikuwa amerefuka, na kwa siku kadhaa aliniita shangazi.

Sikupona moja kwa moja, na hili nataka yule mama wa kanisani alisome mara mbili. Nilikuwa nafuata vidonge mjini, na njia yangu ilipita Nyabugogo. Nyuma ya magari ya mizigo wapagazi walikuwa wanacheza urusimbi, yaani kamari ya kurusha sarafu, na makelele yao nilikuwa nayasikia kabla sijawaona. Nilipita nikaangalia mbele, nikapita, nikapita, kisha siku moja nikasimama. Nilirudi nyumbani bila kitenge nilichotoka nacho. Nilimweleza Vensani kabla hajavua viatu. Aliniuliza nimekula, nikasema bado, akaenda kuwasha mkaa. Mwezi huo nilimwambia na mzee wa Ndera. Alisema kitenge kinanunuliwa, na akaniuliza nilisikia nini kabla ya kusimama. Kuanzia hapo nilizunguka njia ya juu, ndefu, yenye vumbi, na mara nyingi Vensani aliomba ruhusa gereji akanisindikiza.

Miaka miwili iliyofuata ndiyo ninayoiota. Mambo ya nchi yalikuwa yanaharibika, hilo tuliliona, kulikuwa na vizuizi barabarani na wakimbizi wa vita kutoka kaskazini. Lakini ndani ya nyumba yetu kulikuwa na afya. Tereza alikuja kula kwetu sikukuu, akaimba na Mabukwe wakiosha vyombo. Konsolata alituletea ndizi na kukataa kuondoka mpaka azionje zikiwa zimepikwa.

Mwishoni mwa Machi 1994 mama yangu aliugua, nikaenda Bujumbura na Didas. Ndiyo sababu tuko hai. Vensani na Mabukwe waliuawa Aprili ile, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Tereza pia. Konsolata sijui, nimeulizia sana na bado nauliza. Nilirudi Kigali mimi na mtoto, na katika miezi ile ya kwanza, nikiwa sina hata mtu wa kunipikia uji, hamu ilinirudia kwa nguvu zake zote. Nilifanya nilivyofundishwa. Jioni nilikwenda kukaa kwa watu, hata nisiowajua. Walinipokea. Kila mtu alikuwa anatafuta wa kukaa naye.

Nikiulizwa nataka kurudishiwa siku gani, huwa sitaji harusi yangu wala siku aliyozaliwa Didas. Nataja siku moja ya Julai 1993. Nilikuwa nimekwenda Ndera kama kawaida, na yule muuguzi mzee akaniambia haoni sababu ya mimi kurudi tena. Nilitoka nje nikiwa kama nimefukuzwa. Vensani alikuwa ananingoja chini ya ukuta wenye kivuli. Gari lilichelewa, akasema tutembee, hana haraka ya kwenda popote.

Tuliteremka katikati ya mashamba. Watu walikuwa wanavuna mtama, wanawake wakipiga masuke kwa fimbo kwenye mikeka, makapi yakipeperuka na kutushika nywele. Mama mmoja alituuzia bushera, uji mchachu wa mtama, kwenye kibuyu kimoja, tukanywa kwa zamu. Vensani alinieleza habari za gerezani kwa mara ya kwanza. Hazikuwa zile mbaya. Alinieleza juu ya mtu aliyeweza kuiga sauti ya kila gari, na jinsi walivyomwagiza usiku aige basi la kwenda kwao. Aliniigiza Peugeot inayokataa kuwaka. Nilicheka mpaka nikashika mti, na kikohozi hakikuja. Tulivuka bonde, tukapumzika, tukapanda upande wa pili jua likiwa limekuwa jekundu kwa vumbi, na alinishika mkono hadharani, jambo ambalo watu wa rika letu hawakulifanya.

Tulipofika nyumbani niliketi kizingitini kuvua viatu. Hapo ndipo nilipotambua kwamba tangu asubuhi, siku nzima, sikuwa nimetamani karata hata mara moja. Nilitaka kumwambia Vensani. Lakini alikuwa ameshaingia ndani, anamwita Didas, nikaona nitamwambia kesho.